Sauti Husafirije? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi yanayowatatiza watu kuhusu sauti hufunguka mtu akishalielewa jambo moja: kinachosafiri ni mtikisiko, si hewa yenyewe. Ndiyo maana nimeanza na hilo, na maswali yanayofuata yanalirudia kila mara kwa njia tofauti.

Sauti ni nini hasa?

Ni mtikisiko unaopokezanwa. Uzi wa gitaa, ngozi ya ngoma au nyuzi za sauti kooni zikitikisika, huisukuma hewa iliyo jirani nazo, kisha hurudi nyuma. Zikisukuma, molekuli za hewa hubanana. Zikirudi, molekuli huachana. Zile zilizobanwa huzisukuma za mbele yake, nazo za mbele huzisukuma zinazofuata, na hivyo mgandamizo husonga mbele, nyuma yake ukifuatwa na sehemu ya hewa iliyolegea, kisha mgandamizo mwingine. Mfululizo huo ukifika kwenye kiwambo cha sikio, hukisukuma na kukivuta kwa mpigo uleule wa kitu kilichoanza kutikisika. Hapo ndipo tunasikia.

Kwa hiyo hewa iliyotoka mdomoni kwa msemaji ndiyo inayofika sikioni kwangu?

Hapana. Fikiria foleni ya watu waliosimama karibu karibu, wa mwisho akamsukuma aliye mbele yake. Msukumo unafika hadi mbele kabisa, lakini kila mtu amebaki palepale aliposimama, ameyumba kidogo tu akajirudi. Hewa nayo hufanya hivyo, ila kwa kuyumba kudogo mno: katika mazungumzo ya kawaida hewa huyumba umbali usiofika hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Ukitaka uthibitisho, mtazame mtu anayezungumza akiwa upande wa pili wa chumba kikubwa. Maneno yake yanakufikia papo hapo, ilhali harufu ya manukato yake, ambayo lazima ibebwe na hewa yenyewe, huchukua muda mrefu zaidi.

Mbona vitabuni sauti huchorwa kama wimbi linalopanda na kushuka?

Mchoro ule ni grafu. Unapopanda, unamaanisha kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayosukuma nayo kila eneo, imezidi ile ya kawaida. Unaposhuka, kanieneo imepungua. Hakuna kinachopanda wala kushuka hewani. Wimbi la sauti hutikisa hewa mbele na nyuma, kwenye mstari uleule linakoelekea. Walimu wengi huuonyesha mchoro huu bila kusema hivyo, na mwanafunzi hukaa miaka akiamini kwamba sauti husafiri kama nyoka.

Ndani ya vitu vigumu mambo huongezeka kidogo. Chuma na mwamba vinaweza pia kubeba mtikisiko wa kwenda kando, kwa sababu chembe zake zimeshikana kiasi kwamba moja ikivutwa pembeni huivuta na jirani yake. Hewa na maji havina mshiko huo.

Kwa nini sauti haipiti mahali pasipo na hewa?

Kwa sababu hakuna cha kupokezana. Mwaka 1660 Robert Boyle alichapisha majaribio yake ya pampu ya hewa, likiwemo lile la kuning'iniza saa ndani ya chombo cha kioo kisha kuitoa hewa. Mlio wa saa ulififia kadiri hewa ilivyopungua, ingawa saa yenyewe ilionekana vizuri tu. Mwanga hauhitaji kitu cha kuubeba, sauti inakihitaji. Ndiyo maana wanaanga waliokuwa juu ya uso wa Mwezi, umbali wa hatua chache tu mmoja na mwenzake, walizungumza kwa redio.

Kasi ya sauti ni kiasi gani?

Katika hewa kavu yenye nyuzi joto 20 za Selsiasi ni kama mita 343 kwa sekunde, yaani takribani kilomita 1,235 kwa saa. Kwenye nyuzi 0 hushuka hadi mita 331. Kwa hesabu za haraka, kila nyuzi moja inayoongezeka huipa sauti mita 0.6 zaidi kwa sekunde.

Namba hii ina historia ambayo naona inafaa kusimuliwa, maana ndani yake mna fizikia yenyewe. Isaac Newton alijaribu kuikokotoa bila kuipima, akaichapisha hesabu yake mwaka 1687. Jibu lake lilipungua kwa karibu asilimia 15 kulinganisha na vipimo vya kweli. Alikuwa amechukulia kwamba hewa ikibanwa na wimbi, joto lake halibadiliki. Kosa hilo lilikaa zaidi ya karne nzima mpaka Pierre-Simon Laplace alipoonyesha, mwaka 1816, kwamba mgandamizo na mlegeo hufuatana haraka mno kiasi kwamba joto halipati muda wa kutoka. Hewa iliyobanwa hupata joto kidogo, na hewa yenye joto husukuma kwa nguvu zaidi. Ukakamavu huo wa ziada, yaani kukataa kubanwa, ndio unaoiongezea sauti kasi. Laplace alipouingiza kwenye hesabu, namba ikakubaliana na vipimo.

Kwa nini joto huongeza kasi?

Kwa sababu ujumbe unabebwa na molekuli zinazogongana, na molekuli za hewa yenye joto hukimbia zaidi. Katika hewa ya kawaida molekuli zinarukaruka huku na huko kwa kasi ya karibu mita 500 kwa sekunde, kila moja ikigongana na nyingine kabla haijafika mbali. Sauti haiwezi kwenda haraka kuliko wajumbe wake, ndiyo maana kasi yake iko chini kidogo ya hiyo.

Watu wengi hudhani kanieneo ya hewa nayo huongeza kasi. Haiongezi. Ukiibana hewa bila kubadilisha jotoridi, ukakamavu wake unaongezeka, lakini na densiti yake, yaani uzito wake kwa ujazo uleule, inaongezeka kwa kiwango kilekile, na viwili hivyo vinafutana. Juu ya mlima mrefu sauti hupungua kasi kwa sababu ya baridi, si kwa sababu hewa ni nyembamba.

Chuma ni kizito kuliko hewa. Mbona sauti huenda haraka zaidi ndani yake?

Swali zuri, kwa sababu nusu ya wazo hilo ni kweli. Uzito hakika huchelewesha: chembe nzito ni ngumu kuzianzisha mwendo. Lakini kuna upande wa pili, nao ni ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kubanwa na kinavyojirudisha upesi. Chuma cha pua ni kizito kuliko hewa mara maelfu, lakini ukakamavu wake umeizidi hewa mara zaidi ya milioni. Ukakamavu unashinda, na sauti hupita kwa zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde.

Maji yako katikati. Mwaka 1826 Daniel Colladon na Charles Sturm walipima kasi ya sauti katika Ziwa Geneva. Kwenye mashua moja kengele iliyozamishwa majini iligongwa na papo hapo baruti ikawashwa. Kwenye mashua nyingine, kilomita nyingi kutoka hapo, msikilizaji alihesabu muda kati ya mwako na mlio uliopita chini ya maji. Walipata mita 1,435 kwa sekunde kwa maji yenye nyuzi 8, namba iliyo karibu sana na tunayoitumia leo.

Kasi hii ndiyo inayomvuruga mtu anayepiga mbizi. Tunajua sauti inatoka upande gani kwa kuwa sikio moja huipata mapema kidogo kuliko jingine, tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Chini ya maji tofauti hiyo hupungua zaidi ya mara nne, na ubongo hushindwa kusema boti inakuja kutoka wapi. Waogeleaji wakumbuke hili: kusikia injini si kujua iko upande gani.

Sauti kubwa hufika haraka kuliko ndogo? Na nyembamba kuliko nzito?

Hapana kwa yote mawili, kwa sauti za kawaida hewani. Bendi ikipiga mbali nawe, filimbi na besi hufika pamoja; zingekuwa na kasi tofauti, muziki ungesambaratika njiani. Milipuko mikubwa ni kando: karibu na chanzo chake huzaa wimbi la mshtuko linaloipita kasi ya sauti, kisha hudhoofika na kuwa sauti ya kawaida.

Masafa ni nini, na yanahusianaje na urefu wa wimbi?

Masafa ni idadi ya mitikisiko katika sekunde moja, na hupimwa kwa hertz. Masafa yakiwa juu, sauti huwa nyembamba. Yakiwa chini, huwa nzito. Urefu wa wimbi ni umbali kutoka mgandamizo mmoja hadi unaofuata. Zidisha masafa kwa urefu wa wimbi, unapata kasi. Basi noti ya hertz 440 inayotumika kulandanisha ala za muziki ina wimbi la sentimita 78 hivi hewani.

Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hertz 20 hadi 20,000, na ule mwisho wa juu hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa mita, hayo ni mawimbi ya kuanzia mita 17, marefu kuliko basi, hadi sentimita 1.7. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na inaeleza mambo mengi yatakayofuata hapa chini. Tembo huwasiliana kwa milio iliyo chini ya uwezo wetu, popo huwinda kwa milio iliyo juu yake. Mashine za ultrasaundi hospitalini hutumia mamilioni ya hertz, kwa sababu wimbi refu haliwezi kuonyesha kitu kidogo kuliko lenyewe.

Jeli wanayopaka kabla ya ultrasaundi ni ya nini?

Kuondoa hewa. Sauti ikifika kwenye mpaka wa vitu viwili vyenye uzito na ukakamavu unaotofautiana sana, karibu yote hurudi ilikotoka. Kati ya hewa na maji hupita takribani sehemu moja tu ya elfu ya nishati. Mwili wa mtu, kwa sauti, ni kama maji. Tabaka jembamba la hewa kati ya kifaa na ngozi lingetosha kuharibu picha yote.

Desibeli hupima nini?

Hulinganisha nguvu ya sauti na ile hafifu kabisa ambayo sikio linaweza kuinasa. Sauti hiyo hafifu, desibeli 0, ni badiliko la kanieneo la paskali 0.00002. Kanieneo ya kawaida ya hewa ni paskali 101,325, kwa hiyo sikio letu linatambua badiliko la sehemu moja ya bilioni tano. Nimeifundisha namba hii mara nyingi na bado inanishangaza.

Kipimo hiki hakiendi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Ukiongeza desibeli 10, nguvu imeongezeka mara 10, ingawa sikio litaona kama sauti imekuwa kubwa maradufu tu. Ongeza 20, nguvu ni mara 100. Hapa ndipo watu hujidhuru bila kujua, kwa kuwa sikio linaficha ukubwa wa kinachoingia. Mapendekezo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni kutozidisha saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 100, muda uliobaki ni dakika 15. Seli za kusikia zilizo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Punguza sauti ya vipokea sauti vyako.

Sauti hufifiaje, na huishia wapi?

Kwanza husambaa. Nishati ileile inagawanywa kwenye eneo linalozidi kupanuka, hivyo mahali pa wazi umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki robo, yaani hupungua desibeli 6. Pili, hewa yenyewe huila, na huzila sauti nyembamba kwanza. Radi iliyopiga karibu hupasua kwa mlio mkali. Iliyopiga mbali imebakiwa na mngurumo mzito tu.

Mwisho wake nishati yote hugeuka kuwa joto, lakini kidogo mno. Mtu akizungumza kwa kawaida, nguvu ya sauti yake ni kama sehemu moja ya laki moja ya wati. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi 1 tu angehitaji kuzungumza miaka 13 bila kupumzika, na pasipotee chochote.

Ikiwa chanzo ni kikubwa, umbali nao huwa wa ajabu. Mlima wa volkano wa Krakatoa, Indonesia, ulipolipuka tarehe 27 Agosti 1883, mlio wake ulisikika kisiwani Rodrigues katika Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800 kutoka hapo, saa nne hivi baadaye. Vipimahewa sehemu mbalimbali za dunia vilinasa wimbi la kanieneo likipita, kisha likipita tena baada ya kuizunguka dunia.

Kwa nini usiku sauti za mbali husikika vizuri zaidi?

Utulivu una mchango wake, lakini sababu kubwa iko hewani. Mchana ardhi huipasha joto hewa ya chini, na ya juu huwa baridi. Sehemu ya chini ya wimbi inakwenda haraka kuliko ya juu, kwa hiyo wimbi zima hujipinda kuelekea angani na kukupita juu ya kichwa. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoa na hewa iliyo karibu nayo hupoa zaidi ya ile ya juu. Sasa wimbi hujipinda kurudi chini, na treni iliyo mbali husikika kana kwamba iko jirani.

Upepo hufanya vivyo hivyo. Hausukumi sauti kwa kiasi cha maana, maana kasi yake ni ndogo mno ukilinganisha, lakini huvuma zaidi juu kuliko chini, na tofauti hiyo huupinda mstari wa sauti.

Mbona nasikia besi ya jirani lakini siyasikii maneno ya wimbo?

Mawimbi marefu ya besi huzunguka vizuizi kwa urahisi, na mafupi ya sauti nyembamba huzuiwa na kuacha kivuli nyuma ya kizuizi. Kanuni ni kulinganisha urefu wa wimbi na ukubwa wa kitu kilicho njiani. Tena ukuta mzito hauwahi kuyumbishwa na msukumo unaobadilika mara elfu kwa sekunde, ila ule wa polepole wa besi huuyumbisha. Kubandika sponji ukutani hakuwezi kuizuia besi hiyo isipite; kinachozuia ni uzito, na kuziba kila mwanya.

Mwangwi na mrindimo wa chumba vina tofauti gani?

Mwangwi ni sauti iliyogonga kitu ikarudi ikiwa imechelewa vya kutosha kusikika peke yake. Mpaka wake ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ndiyo maana ukuta unatakiwa uwe mbali angalau mita 17. Ukuta ukiwa karibu, marejeo huungana na sauti yenyewe na kuurefusha mlio.

Aliyelifanya jambo hili kuwa sayansi ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5, na wanafunzi hawakuelewa kitu. Alifanya kazi usiku, kukiwa kimya, akihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kupima muda wa mvumo kila alipoongeza. Akagundua kwamba muda huo hutegemea ujazo wa chumba na kiasi cha vitu vinavyonyonya sauti. Wajenzi wa kumbi bado hutumia mlinganyo wake.

Nitajuaje radi imepiga umbali gani?

Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, gawanya kwa tatu. Hizo ni kilomita. Ukiishia chini ya kilomita kumi, uko karibu mno: ingia ndani.

Kwa nini king'ora cha gari linalokuja hubadilika likishanipita?

Gari likija, kila mgandamizo unatolewa ukiwa karibu nawe zaidi ya uliotangulia, kwa hiyo mawimbi hubanana na masafa hupanda. Likiondoka, hutawanyika. Kwa mwendo wa mita 30 kwa sekunde, mlio wa hertz 440 huusikia kama 482 gari likija na 405 likienda. Christian Doppler alilieleza jambo hili mwaka 1842. Miaka mitatu baadaye Buys Ballot akalijaribu huko Uholanzi kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni na kuweka wanamuziki wenye masikio makini kando ya reli.

Ndege ikiifikia kasi ya sauti, migandamizo hulundikana mbele yake. Ikiizidi, huburuta mshtuko wenye umbo la pia, na mlipuko unaosikika chini ni mshtuko huo ukikupitia. Ndege haipasui kitu mara moja na kumaliza: inauburuta mshtuko njia nzima, na kila aliye chini ya njia hiyo atausikia kwa zamu yake.

Je, sauti hugongana?

Hupitana. Zikikutana mahali pamoja hujumlishana kwa muda huo, kisha kila moja huendelea na safari yake bila doa. Mgandamizo ukikutana na mlegeo wa kiasi kilekile hufutana, na vipokea sauti vinavyozima kelele hufanya kazi kwa kutengeneza mlegeo huo makusudi.

Kwa nini sauti yangu iliyorekodiwa naiona ngeni?

Unapozungumza unajisikia kwa njia mbili: hewani, na kupitia mifupa ya fuvu inayobeba vizuri mitikisiko mizito. Rekodi ina ile ya hewani tu, ambayo ndiyo wengine huisikia siku zote.

Je, kuna sauti kwenye sayari nyingine?

Ipo popote penye gesi. Chombo cha Perseverance kilitua Mirihi mwezi Februari 2021 kikiwa na maikrofoni, na kasi ya sauti iliyopimwa huko ni kama mita 240 kwa sekunde, kutokana na baridi na hewa yenye molekuli nzito za kabonidayoksaidi. Kule ile kanuni ya filimbi na besi kufika pamoja haifuatwi. Sauti nyembamba hutangulia kwa takribani mita 10 kwa sekunde. Hewa ya Mirihi ni haba mno, na molekuli za kabonidayoksaidi zinahitaji muda kulimeza joto la mgandamizo katika mitetemo yao ya ndani. Mlio mzito huwapa muda huo na gesi hulegea kidogo. Mwembamba hauwapi, na gesi hubaki na ukakamavu wake. Ni hoja ileile ya Laplace kuhusu joto lisilopata muda.